Misumari Mitatu ya Nyonga na Adabu ya Kusindikiza

Kwa miaka miwili niliwaambia watu kwamba naumwa mgongo, na kwa miaka miwili watu waliniambia kwamba siumwi mgongo. Kanisani waliamua ni figo. Kazini waliamua ni kiti. Jirani yangu wa hapa Niboye, Kigali, muuza vipuri vya pikipiki, aliapa kuwa ni baridi iliyoniingia kwa kuoga jioni, akanielekeza kwa mzee mmoja wa Biryogo anayekanda viungo. Nilikwenda. Nikalazwa kifudifudi nyuma ya pazia, upande wa pili mafundi cherehani wakiendelea na kazi zao, na mzee akanikanda hadi nikamwita mama yangu kwa lugha tatu. Nilipotoka, fundi mmoja aliniuliza kwa heshima kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kuketi ndani ya kibanda cha vioo kwenye kumbi za mikutano pale Kimihurura, nikigeuza Kifaransa na Kiingereza cha wakubwa kuwa Kiswahili. Watu hudhani mkalimani anatumia ulimi. Anatumia makalio. Ulimi unapumzika kila nusu saa mwenzako anapokupokea, lakini makalio yako kazini tangu asubuhi. Yangu yalianza kugoma upande wa kulia. Baada ya dakika ishirini za kuketi, kitu kama msumari wa moto kiliingia chini kidogo ya mkanda wa suruali na kushuka pajani. Niliwahi kufasiri hotuba nzima kuhusu afya bora kwa wote nikiwa nimepiga goti moja juu ya kiti, na mwenzangu wa kibandani akasema sauti yangu siku hiyo ilikuwa na uchungu wa kweli, wajumbe waliguswa.

Daktari aliyeniokoa hakuniuliza maswali mengi. Alikulia Uganda, akasomea mbali, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani. "Mzee," akaniambia, "nionyeshe kwa kidole moja tu." Nikaweka kidole. Akacheka.

"Hapo si mugongo," akasema. "Hapo ni chini ya mugongo."

Basi kanisa zima lilikuwa na haki, sikuumwa mgongo. Akanichorea kwenye karatasi. Uti wa mgongo unaposhuka unaishia kwenye mfupa mpana, na mfupa huo umebanwa kati ya mifupa miwili ya nyonga, kulia na kushoto. Pale inapokutana pana kiungo ambacho hakitakiwi kucheza, labda kidogo tu. Changu cha kulia kilikuwa kinacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Akaniuliza kama niliwahi kuanguka. Nikakumbuka moto, pikipiki ya abiria, iliyoniangusha mvuani miaka kadhaa nyuma, nikakaa chini kwa kishindo kwenye lami, nikasimama upesi kwa aibu, na hasara niliyoihesabu siku ile ilikuwa suruali.

Ili kuhakikisha, alinichoma sindano ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, akiifuata kwenye picha ya mashine. Kwa saa tatu nilikuwa mzima kabisa. Nilitoka nikaketi kwenye kila benchi la hospitali ile. Niliketi karibu na watu nisiowajua kwa raha tu ya kuketi, hadi mama mmoja akasogeza mkoba wake. Maumivu yaliporudi, nilirudi nayo kwa daktari.

"Sawa," akasema. "Tumeshika mwizi."

Akanieleza dawa yake. Zamani, alisema, wangenifungua kwa kisu kirefu na ningelala wodini wiki kadhaa. Siku hizi wanapita ubavuni kwa tundu dogo, fupi kuliko kidole gumba, wakiongozwa na picha, na kupigilia misumari mitatu ya titani kutoka mfupa wa nyonga hadi mfupa wa mgongo, mlango ufungwe moja kwa moja. Kazi ya saa moja. Kisha akaondoa tabasamu, akanitazama.

"Msumari inashika leo. Lakini mwenye kushika siku zote ni mfupa, lazima mfupa imee, iushike msumari. Wiki sita mguu ya kulia usibebe uzito. Unatembea na magongo, kitanda, choo, kiti, basi. Msumari ikilegea, narudi na kisu kirefu, na hiyo mara sikuahidi kama utakaa kwenye kiti tena."

Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Mwimbaji asiyeweza kusimama huimba ameketi, lakini mkalimani asiyeweza kuketi anarudi nyumbani kufasiri redio kwa kuku. Nikaapa mbele yake na mbele ya mke wangu kwamba nitakuwa kama jiwe.

Upasuaji wenyewe siujui, na siwezi kuusimulia kama wanavyofanya wengine. Nilipewa nusukaputi, nikaambiwa nihesabu, nikafika nne. Nilipoamka kulikuwa na bandeji ubavuni, ndogo kiasi cha kunivunja moyo. Kesho yake mchana nilikuwa sebuleni kwangu Niboye, na magongo mawili mapya ya alumini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo hakuwahi kutolewa hospitali Kigali. Kwetu mtu akipasuliwa hatangazi, lakini kufika saa kumi jioni mtaa mzima unajua, na kila mmoja ana deni la kuja kukuona. Walikuja wa kanisani wakaimba. Walikuja wa kazini na makopo ya juisi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwezi, walipomaliza kufyeka na kuzibua mitaro, walikuja wote kwa pamoja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani, wakajaa sebuleni na varandani. Wakanitazama kwa huruma kubwa, wakisubiri kuona kidonda.

Mke wangu akainua fulana kidogo. Wakainama kutazama.

"Hii ndo bamekupasua?" jirani wa vipuri akauliza. "Mimi nilifikiri bamekufungua mugongo yote! Hii iko kama ya kuchanjwa."

"Ndani kuna misumari mitatu," nikasema, nikijitetea katika nyumba yangu mwenyewe.

"Eeh," akasema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwongo. Mwanamama mmoja aliyekuwa ameleta maziwa ya mgando lita tano aliyatazama yale maziwa, nikaona kabisa anajuta kutoleta mbili.

Hiki ndicho nilichomwambia daktari baadaye, na ninakirudia hapa, kwamba kisu kirefu kina heshima yake. Mtu mwenye kovu la kutoka bega hadi kiuno anaruhusiwa kulala wageni wakiingia. Mwenye kovu la kidole gumba anatarajiwa asimame. Na mimi nilisimama. Kila aliyeingia nilimwinukia nikamkumbatia kwa mkono mmoja, gongo likining'inia kwapani, maana kumsalimia mtu mzima umekaa ni jambo nililofundishwa kuliogopa kuliko ndui.

Lakini kusimama si kitu. Balaa lilikuwa kusindikiza.

Msomaji asiye wa huku anisamehe nikimweleza. Mgeni akiaga hatoki peke yake. Anayeleta karatasi za kusaini unamfikisha mlangoni. Rika lako unamfikisha kwenye geti. Mtu mzima, au mtu wa kanisa, au mtu aliyeleta maziwa, unatoka naye mpaka barabarani, mnatembea polepole, na yale mazungumzo ya maana aliyojia yanatoka hapo njiani. Mkwe na mzazi unawapandisha gari. Ukimwacha mgeni atoke peke yake umemwambia kwamba hukupenda aje, na atakwenda kuyasema hayo huko aendako kwa upole na bila kukosea neno. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye lami ni hatua mia mbili, mteremko, na mawe yaliyopangwa vibaya.

Mgeni wa kwanza aliposimama, mguu wangu wa kushoto ulisimama naye wenyewe. Wa kulia nao, kwa kuona aibu, ukafuata. "Baki, baki, ihangane, vumilia," akasema, kama inavyotakiwa aseme. "Nakufikisha hapo tu," nikasema, kama inavyotakiwa niseme. Hapo tu pakawa barabarani. Siku ile ya umuganda nilishuka mteremko mara saba. Kufika mara ya tano nilikuwa nimeyabeba magongo mkononi pamoja na jembe la mtu.

Mke wangu alikulia Bujumbura, mimi nilikulia Karagwe. Tulipokutana Kigali kila mmoja wetu alikuwa na Kinyarwanda cha kuazima, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuoza, na mpaka leo ndicho anachonigombezea.

"Ule mutu alikuja kukuona ama alikuja kukutembeza?" aliniuliza akiwa amesimama getini, mikono kiunoni. "Wewe uko na kichwa kigumu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu halina tatizo," nikasema. "Ni nyonga."

Hakucheka. Nakiri kwamba sikuwa na ujinga wa kutojua. Nilijua. Kila nikipanda ule mteremko kurudi niliyasikia maneno ya daktari, na kila mgeni akiaga niliona bora nichelewe kupona kuliko kusemwa kwamba tangu nianze kufasiria wakubwa Kimihurura nimekuwa mtu wa kuagia watu kochini.

Wiki ya nne tukarudi kwa daktari kupiga picha. Aliiweka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye msumari wa chini. Kuuzunguka kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele.

"Hii imeanza kucheza," akasema. "Mzee, ulifanya nini na hii mguu?"

"Sikufanya kitu."

"Anasindikiza wageni," mke wangu akasema.

Daktari akageuka taratibu. Nilitegemea hasira. Badala yake uso wake ukawa wa mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua kwao.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani."

"Wote?"

"Waliozidi umri," nikasema. "Na wa maziwa."

Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye faili, na ningependa sana kujua aliandika nini. Kisha akanipa hukumu. Wiki sita mpya, kuanzia siku ile, hakuna hata mlangoni. Mfupa ukipewa utulivu unaweza kuuziba ule mstari. Usipopewa, kisu kirefu. Alisema hayo kwa ukali, nami niliogopa kweli. Tulipoaga, akasimama kutoka kwenye meza yake, akatembea nasi kwenye korido ndefu, akateremka nasi, akatufikisha hadi kwenye gari, na wagonjwa wake kumi na watano wakimsubiri juu. Mke wangu alimshukuru. Mimi nilimtazama machoni, naye akaangalia pembeni.

Kuanzia hapo mke wangu alishika geti. Aliyekuja saa nne asubuhi aliambiwa nimelala. Aliyekuja saa kumi aliambiwa nimelala. Maziwa yalipokelewa. Baada ya wiki moja uvumi ulienea Niboye kwamba misumari imenifika kichwani. Nilikaa kwenye kochi mguu juu ya stuli, nikisikia sauti za watu ninaowapenda zikigeuzwa getini, na nilijisikia mshenzi.

Kisha akaja mtu ambaye mke wangu hakuweza kumgeuza. Mama yangu alikuwa na miaka themanini na kitu, kitu chenyewe hakikubaliwi na vitambulisho vyake, na aliishi mashariki, Kirehe, kwa kaka yangu, na ng'ombe wawili aliowapenda kuliko kaka yangu. Sikuwa nimemwambia habari ya upasuaji. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilifichuliwa na mtu wa kwaya. Alipanda basi peke yake, na kikapu, na akaingia getini bila kumuuliza mtu kama nimelala.

Hakutaka kuona kidonda. Aliketi mkabala nami akanitazama usoni. "Mwana wanjye," akasema, "umekonda." Nilikuwa nimeongezeka kilo sita kwa maziwa ya watu. Tukaongea saa nzima, ng'ombe, mvua, waliokufa. Halafu akafanya kama alivyofanya kila mara, akagusa mpini wa kikapu chake, akasema, "Haya, ngoja niwahi basi."

Mama yangu nilikuwa nikimsindikiza hadi ndani ya basi. Nilimchagulia kiti, nikamwombea dereva asikimbize, nikasimama chini ya dirisha mpaka gari liondoke. Kwa miaka ishirini sikukosa hata mara moja, na ukoo mzima unalijua hilo. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gongo. Mke wangu alisimama mlango wa jikoni na hakunizuia, kwa sababu kwa mama mkwe hata yeye hana sheria.

Niliachia gongo.

"Mama," nikasema, "leo siwezi kukusindikiza."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimebadili dini. Akamtazama mke wangu. Akatazama mlango, na jua la nje, na mteremko. Mtoto wake hajamfukuza, lakini akitoka hivi hivi, peke yake, na majirani wanaona, itakuwa amefukuzwa. Alilifikiria jambo hilo kwa haki zote. Kisha akaketi, akavua viatu.

"Basi siondoki," akasema. "Nitangoja upone, unisindikize."

Alikaa wiki nne.

Sitadanganya kwamba zilikuwa za asali. Aliubadilisha mpangilio wa jiko. Alipunguza chumvi, mke wangu akairudisha, yeye akaipunguza. Wageni alipokea yeye, na kwa umri wake hakuna aliyetegemea kusindikizwa, kwa hiyo waliingia, wakaketi, wakatoka wenyewe wameridhika. Tatizo lililonishinda mimi na daktari lilitatuliwa na bibi kizee asiyefanya lolote. Mchana mke wangu akiwa dukani kwake, tulibaki wawili. Alichambua maharage, nami nikakaa. Aliniambia mambo ya Karagwe ambayo nilikuwepo na sikuyajua. Aliniambia jinsi baba yangu alivyoogopa gizani. Nilikuwa nimefasiri maneno ya marais na sikuwahi kumsikiliza mama yangu kwa saa mbili mfululizo.

Siku moja nikamtania. Nikamwambia, "Mama, kumbe unaweza kukaa. Miaka yote hii unakuja asubuhi, saa nane umeshashika kikapu."

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mimi nilikuwa nagusa tu kikapu," akasema. "Mtu hugusa ili aambiwe kaa. Lakini wewe unasindikiza vizuri sana, mwanangu. Nikigusa tu, umeshavaa viatu."

Akaendelea kuchambua. Niliiona miaka ishirini yote, kila ziara, mimi mbele na kikapu mkononi, najivuna, yeye nyuma yangu anateremka kwenye mawe, na basi. Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa, nikamuuliza kama maharage yana wadudu.

Wiki ya sita picha ilikuwa safi. Daktari alitafuta ule mstari mweusi kila upande hakuuona. Mfupa ulikuwa umeshika misumari yote mitatu. "Tupa magongo," akasema, "tembea, kaa, rudi kazi." Mke wangu alilia kidogo kwenye gari. Tukafika nyumbani, nikaingia kwa miguu yangu miwili, nikaketi kwenye kiti kigumu cha mezani, kile ambacho kilikuwa kimenishinda kwa miaka miwili, na hakuna kilichonichoma.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha safari. Alikuwa ameona tunaingia bila magongo.

"Imana ishukuriwe," akamshukuru Mungu. "Ng'ombe wangu watakuwa wamenisahau." Na akagusa mpini wa kikapu.

Viatu vilikuwa bado mguuni mwangu. Mguu wa kushoto ulitaka kuinuka, na wa kulia pia, ambao sasa ulikuwa na ruhusa. Nikaishika meza kwa mikono yote miwili.

"Huinuki?" mama akauliza.

"Kaa, mama," nikasema. "Daktari amekataa."

Jikoni sufuria ikatua kwa kishindo, maana mke wangu alikuwepo daktari aliposema, na ni mtu wa kusema kweli hata msibani. Nikangoja anifichue. Akatoka na ungo wa maharage, akauweka mbele ya mama mkwe wake, akamvutia stuli.

"Amekataa kabisa," akasema. "Mwezi muzima."

Mama akatutazama mmoja mmoja. Akavua viatu.